Kopo la Maziwa la Bwana Shamsuddin

Karachi, Pakistani
Jumapili, 16 Juni 1957

Mama yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama, na shikamoo ya pili juu yake, maana kwa joto la huku sina hakika kama ya kwanza itafika huko kwetu Amani ikiwa nzima. Mimi mwanao Benedikta ni mzima, nakula, nalala, natembea. Je, wewe hujambo? Kile kifua chako cha miezi ya ukungu kimepoa? Na goti je? Iliki mmevuna, au kima wamewatangulia tena mwaka huu? Nakuuliza mengi na najua majibu yatanifikia baada ya mwezi, lakini niache niulize. Nikiuliza najiona nimekaa jikoni kwako.

Barua hii najua atakusomea wifi Kristina. Wifi, nakusalimu sana, wewe na kaka Luka na nyumba yenu yote. Nina ombi moja: soma kila kitu kama kilivyo, usiruke mistari wala usitie maneno yako. Nakujua wewe. Mbele huko kuna mahali nitakwambia ufunge mlango, na ufunge kweli.

Mama, safari hii ulinisukuma wewe. Bwana Shamsuddin alipotuma mtu kutoka dukani kwake Tanga kuja kuuliza kama ningemsindikiza mkewe Bi Shahida na mtoto wao mpaka huku, mimi nilisema siendi popote. Wiki tano tu zilikuwa zimepita tangu tuzike. Wewe ukasema nyumba ile niliifanyia kazi miaka miwili kabla sijaolewa, watu wake nawajua, na heri nikalee mtoto wa watu baharini kuliko kukaa kutwa nikiangalia ule upande wa shamba. Ernesti naye akapanda kutoka Kigombe, mikono imejaa miba ya mkonge, akaniambia niende nikapumue, akashuka zake. Mume wangu na maneno mnawajua. Basi nikakubali.

Asubuhi ya kuondoka ukanifunga kifua kwa kile kipande cha kaniki, ukakaza mpaka pumzi ikanipungua. Ukaniambia maziwa yaache yakauke. Mtoto wa watu nimbebe, nimwogeshe, nimwimbie, lakini nisimpe ziwa hata siku moja, kwa sababu siku ya kumrudisha kwao nitaugua upya. Nikakujibu ndiyo mama. Liweke hilo kando, tutalirudia.

Tulipanda meli Tanga siku chache baada ya Idi. Meli ilisimama mbali majini, sisi tukapelekwa kwa tishali. Mimi nilimkumbatia mtoto, Bi Shahida alinikumbatia mimi, na Bwana Shamsuddin alikumbatia masanduku. Mtoto mwenyewe anaitwa Rehmatulla, jina la babu yake, sisi twamwita Rehmu. Wakati huo alikuwa na miezi minne, mapaja yamejaa mikunjo, na hasira za mzee aliyecheleweshewa chai. Safari yote hii ilikuwa kwa ajili ya Bi Kulsum, mama yake Bi Shahida. Macho yake yanaingia ukungu mwaka hadi mwaka, na aliandika kwamba anataka kumwona mjukuu wake wa kwanza kabla hajapofuka kabisa. Ndiyo maana hawakungoja miezi ya baridi. Watu wote wa Tanga waliwaambia Karachi mwezi wa Mei si mahali pa kumpeleka mtoto mchanga, nao wakajibu macho ya bibi hayangoji.

Lile blanketi la sufu ulilonilazimisha kubeba, mama, limenichekesha na kunitia aibu pia. Mhudumu wa meli alilitazama akaniuliza kama nakwenda kwenye theluji. Chumba chetu kilikuwa chini, kidogo, na joto lake ni kama mtu ametufunika sufuria. Nikamvua mtoto nguo zote akabaki na nepi tu, nikawa nampangusa maji kila saa, na kila palipotokea kijivuli huko juu nikampeleka.

Tulipoiacha Mombasa Bi Shahida akaanza kutapika. Wote tulitapika kidogo, lakini yeye hakuacha. Halafu ikaja homa. Alikuwa hawezi kukaa, hawezi kunywa hata chai, na siku ya tano maziwa yake yakakatika. Masikini, alikuwa akijikamua huku analia, na halitoki tone. Daktari wa meli akatupa maziwa ya unga ya kopo, akanionyesha namna ya kuchemsha maji na kuchemsha chupa. Nikafanya vilevile alivyosema, Mungu ni shahidi. Rehmu akayanywa, akayatapika. Akayanywa tena, akaanza kuharisha. Siku ya tatu ya kopo utosi wake ulikuwa umebonyea, unaweza kuweka kidole. Na akaacha kulia. Mama, mtoto mwenye hasira vile akiacha kulia, hapo ndipo mtu anapoogopa.

Bwana Shamsuddin alikuwa akizunguka mlangoni na tasbihi yake, anauliza kila dakika kama amekunywa. Mchana ule nikamchukua mtoto na chupa yake, nikasema nampeleka juu kwenye upepo. Tulirudi baada ya saa nzima. Nikasema amekunywa. Jioni akanywa tena. Kesho yake akakojoa vizuri, na kesho kutwa akanipiga teke la tumbo, nikajua sasa amerudi mwenyewe.

Yakaanza mambo ya kopo. Yaa rabi, mama, ungemwona Bwana Shamsuddin! Kopo likawa limemponya mtoto. Akalishika akalisoma pande zote, akamwonyesha kila abiria, akamshika mkono daktari mpaka daktari akaona haya. Bi Shahida alilala kitandani amelikumbatia, analishukuru, anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Tuliposhuka Karachi, kabla hata hajanywa maji kwa mama mkwe wake, bwana huyo alitoka kwenye jua la saa saba kwenda sokoni kutafuta kopo la namna ileile, lenye rangi ileile, kwani mengine hayaamini. Akarudi kanzu imemganda mwilini, amebeba sanduku zima begani. Makopo ishirini na manne. Nilijifanya napanga nguo ili asinione uso.

Nyumba ya Bi Kulsum ina ua katikati na vyumba pande tatu. Joto la huku si kama la Tanga, mama. Tanga kuna joto, lakini kuna adabu. Hili linaingia mpaka ndani ya meno. Wao wanaloanisha mikeka ya nyasi wakaitundika madirishani, upepo ukipita unakuwa baridi kidogo. Siku mikeka ilipopungua nikalitoa lile blanketi lako, nikalichovya kwenye pipa la maji, nikalitundika kwenye dirisha la Rehmu. Bi Kulsum akaja akalishika kwa mikono yake, akanusa, akasema linashika maji kuliko mikeka yake yote. Basi blanketi la Amani ndilo linalompoza mtoto Karachi, na aliyelicheka sasa nani?

Bi Kulsum huyo utampenda. Ni mwembamba, mweupe wa nywele, anatembea akigusa ukuta. Siku ya kwanza alimweka Rehmu dirishani kwenye mwanga, akamsogeza usoni mpaka pua zao zikagusana, akamwangalia kwa muda mrefu sana, kisha akacheka. Alimwona. Sisi kwa sisi hatuelewani lugha, ananiita Bendita, na Bi Shahida ndiye anayetutafsiria.

Wifi Kristina, sasa funga mlango. Kaka Luka kama yupo, mtafutie kazi nje.

Mama, maziwa yangu hayakukauka. Uliponiuliza pale stendi ya basi Muheza nilikwambia yamekwisha, na nilikudanganya. Kila nilipomsikia Rehmu akilia yalikuja yenyewe, kaniki ikalowa, nami nikajifungia chooni kwenye meli nikayakamua nikayamwaga. Siku ile utosi ulipobonyea nilikaa naye nyuma ya zile mashua za kuokolea watu, penye kivuli, chupa mkononi. Akaigeuzia uso. Midomo ilikuwa mikavu mpaka imepasuka. Nikayakumbuka maneno yako, nakuapia niliyakumbuka yote. Kisha nikafungua kaniki.

Alikamata kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nililia mpaka machozi yakamdondokea shavuni, naye hajali, ananyonya tu. Ya chupani nikayamwaga baharini. Nikarudi nikasema amekunywa, na sikusema amekunywa nini. Tangu siku hiyo maziwa ya kopo yakawa yananyweshwa bahari, na tulipofika huku yakawa yananyweshwa mchanga wa uani. Nilisema nitaacha Bi Shahida akipona. Akapona, maziwa yake hayakurudi, nami sikuacha. Nisiseme uongo mara mbili: sikutaka kuacha.

Jumapili iliyopita, Pentekoste, nikaomba ruhusa kwenda kanisani. Kuna mama mmoja Mgoa jirani yetu, alinipeleka. Misa ilikuwa ndefu, na nilitubu. Tuliporudi ilikuwa karibu adhuhuri, na nikasikia kilio tangu barabarani. Bi Kulsum alikuwa amejaribu kumpa kopo kwa chupa, kwa kijiko, kwa ncha ya kitambaa. Mtoto alikuwa akilia kwa saa tatu. Bwana Shamsuddin amekimbilia daktari. Mimi nikauliza tu jamani kuna nini, na Rehmu kusikia sauti yangu akanyamaza, akageuza kichwa, akafungua mdomo. Na gauni langu la kanisani, lile jeupe, likalowa kifuani mbele ya wote. Hapakuwa na la kueleza tena.

Bi Shahida alilitazama gauni, akanitazama usoni, akamnyanyua mtoto akaingia naye chumbani akafunga. Tukamsikia anajaribu kumnyonyesha mwenyewe, anambembeleza kwa Kiswahili na kwa Kikachi cha kwao, na mtoto analia. Mama, kilio kile sitakisahau, na sijui kilikuwa cha nani zaidi. Baadaye akatoka, akamweka mapajani mwangu bila kunitazama, akakaa chini akanipa mgongo mpaka mtoto aliposhiba. Ndipo akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu melini.

Akasema nimemwacha wiki nne nzima anamshukuru Mungu kwa ajili ya kopo. Akasema ningemwambia, angalau angejua amshukuru nani. Nikamjibu niliogopa, mimi Mkristo na mtoto wake Mwislamu, niliona atanikataza, na akinikataza mtoto atakufa. Akainuka akaenda kuosha uso, na tangu hapo siku mbili hakusema nami isipokuwa kunipa mtoto na kumpokea. Bwana Shamsuddin naye aliyaangalia makopo yake, akakohoa, akaenda kukaa kwa jamaa zake sokoni kutwa. Mimi nikafunga sanduku langu. Nilijua narudishwa. Hofu yangu ilikuwa moja tu, mama: atanyonya wapi huyu mtoto.

Jumatano Bi Kulsum akaagiza Shekhe wa mtaa. Wakakaa barazani, nikaitwa, nikakalishwa kwenye mkeka. Mimi najisemea haya, ndiyo hukumu hii. Shekhe akauliza kwa lugha yao, Bi Shahida akanigeuzia kwa Kiswahili, sauti ya chini, macho kwenye mkeka: mtoto alikuwa na umri gani, nilimnyonyesha kwa siku ngapi, na je, alikuwa akishiba. Nikajibu moja moja. Mzee yule akaitikia kwa kichwa, akanena maneno marefu kidogo, akanywa chai yake akaenda zake.

Bi Shahida akanieleza. Kwa sheria yao, mimi sasa ni mama yake Rehmatulla, mama wa maziwa. Si kwa hisani wala kwa mapenzi, ni sheria. Wanangu wote ni ndugu zake, hataoa hata mmoja wao, kama asivyoweza kumwoa dada yake wa tumbo moja. Na katika nyumba hiyo kuna kitabu kidogo, kinakaa rafuni pamoja na Msahafu, kimefungwa kitambaa cha kijani, humo wanaandikwa watu wote waliozaliwa. Mama wa maziwa huandikwa humo, na watoto wake pia, ili vizazi vijavyo visikosee kuoana.

Bi Kulsum akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema mmoja. Akauliza yuko wapi. Nikasema amefariki. Akauliza tena kitu kifupi, na Bi Shahida hakunitafsiria. Bibi akarudia. Bi Shahida akaziba mdomo kwa ushungi, mabega yakawa yanatikisika. Mwisho akasema mama yake anauliza mwanangu aliitwa nani. Akasema yeye amekaa nami Tanga na melini na huku, nimembebea mwanawe usiku na mchana, na hakuwahi kuniuliza.

Mama, na wewe hukuniuliza. Sikulaumu, hakuna aliyeniuliza, na mimi nilifunga mdomo. Sasa nakwambia. Siku ile ulipotoka mbio kwenda misheni kumwita Padre ukaniacha naye, aliishiwa pumzi mikononi mwangu. Nilichota maji mtungini kwa kata, nikammiminia kichwani kama katekista alivyotufundisha, nikasema maneno yote, sikusahau hata moja. Nikampa jina Kristofa. Lakini sijui kama alikuwa bado anapumua. Nimejiuliza kila siku, na sijui. Ndiyo maana Padre alipofika akauliza kama alibatizwa, nilitikisa kichwa kwamba hapana. Niliogopa kumdanganya Padre. Basi hakuandikwa popote. Siku tisa za uhai wake hazimo katika kitabu chochote duniani. Tukamzika pembeni mwa iliki, watu wakamwita malaika, kitoto, yule, na wengine wakanikataza hata kumtaja eti nitachelewa kupata mwingine. Ernesti mwenyewe hajui jina la mwanawe.

Nikalisema kwa sauti mara ya kwanza kwenye baraza la watu wasiosali sala yetu. Kristofa. Bi Shahida akaniomba nirudie polepole, akaandika kwa herufi zao, na chini yake akaandika kwa herufi zetu ili nisome mwenyewe. Ameandika hivi: Rehmatulla, mwana wa Shahida na Shamsuddin, na mwana wa maziwa wa Benedikta. Kristofa, mwana wa Benedikta na Ernesti, ndugu yake. Akapuliza wino mpaka ukakauka. Bi Kulsum hawezi kusoma tena, akauliza jina liko wapi, akashikwa kidole akakiweka pale.

Sanduku langu nimelifungua. Bi Shahida anazungumza nami sana, hata kunigombeza ameanza, nimefurahi. Asubuhi anamjaribu yeye kwanza kisha mimi, na juzi alipata matone, tukashangilia kama wendawazimu. Yakirudi yote nitampisha, nimemwahidi. Tutapanda meli mwezi wa Agosti joto likipungua. Labda nitaugua siku ya kumwachia, kama ulivyosema. Lakini Tanga na Amani si mbali, na Bwana Shamsuddin ameapa kwamba Rehmu ataletwa akuamkie. Makopo yaliyobaki anayagawa msikitini, kimyakimya.

Mama, mweleze Padre yote kama nilivyoandika, la maji na la pumzi, aamue yeye. Akikataa kuandika, mwambie narudi, na mdomo wangu anaujua. Ernesti nitamwandikia kwa mkono wangu, jina nataka alisikie kwangu. Wifi, ukikutana naye kabla barua haijamfikia, ujiume ulimi.

Nisalimie kaka Luka, umwambie sasa anaweza kuingia ndani. Nisalimie mama Bibiana na wote wa kule kwenye kitalu cha miti, na wanakwaya, na katekista umwambie nilikuwa nasikiliza siku zile ingawa nilikuwa nacheka. Pokea salamu za Bi Kulsum, anakuita dada. Bi Shahida anakuamkia. Na ukipita pale kwenye iliki, simama kidogo, mama. Mwite kwa jina lake. Mwambie mama yake anamsalimu sana, na kwamba kaka yake ameota jino la kwanza.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Mama Kristofa